Ndoo za Maganda ya Risasi

Juzi jirani yangu hapa Westville, Durban, alikuwa anasugua vitasa vya mlango wake, vile vya shaba ya njano, kwa siki na chumvi. Dirisha langu la jikoni lilikuwa wazi. Harufu ikaingia: siki iliyochanganyika na madini, kali, inayokuachia ulimini ladha ya sarafu. Nikajikuta nimeinuka na kulibamiza dirisha hata kioo kikatetemeka. Mwanamke wa watu hakuwa amenikosea. Baadaye alinibishia hodi akauliza kama redio yake imenisumbua, nikamwambia hapana, samahani, kichwa tu kinaniuma. Nilimdanganya. Ilikuwa hasira, nayo ina umri wa zaidi ya miaka ishirini, na sijawahi kuisimulia kwa mtu asiye wa kwetu. Leo nawasimulia ninyi, na kama sauti itanipanda mahali, mnivumilie.

Tulikuwa tukiishi Clairwood, katika chumba cha uani cha nyumba kuukuu ya mabati, mkabala na yadi ya malori. Tangu alfajiri malori ya makontena yalinguruma kwenda na kutoka bandarini, na vikombe vyetu vilitembea vyenyewe kwenye rafu. Kila asubuhi mama alivirudisha nyuma, kama mtu anayerudisha kuku bandani. Wazazi wangu walitoka Kigoma. Mimi nilikuja huku nikiwa mgongoni, na mdogo wangu Tunu akazaliwa hapa hapa Durban. Mwaka ninaousimulia, mimi nilikuwa na miaka kumi, yeye minne.

Baba alikuwa mfagiaji katika jumba la shabaha kule Jacobs, katikati ya viwanda. Watu wenye bastola walikwenda pale baada ya kazi kuzipiga karatasi zenye umbo la mtu, kisha wakapanda magari yao wakarudi kwao kula. Chini, pale waliposimama, palibaki maganda ya shaba, mengi kama punje za mahindi ghalani, na baba aliyafagia. Mwenye jumba aliitwa Deon. Nyuma ya jumba alikuwa na chumba chenye mashine za kujazia risasi upya: ganda lililokwisha kulipuka lilitiwa fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya, likauzwa tena kwa watu wale wale. Lakini ganda haliendi kwenye mashine kabla halijachambuliwa, na kuchambua ni kazi ya kuchosha macho na mgongo. Ndipo Deon alipomwambia baba, "Kas, si una watoto nyumbani?" Baba aliitwa Kassimu. Deon alilikata jina lake siku ya kwanza na hakuwahi kulirudisha.

Basi kila Ijumaa alasiri pikapu nyeupe iliingia uani kwetu, ikashusha ndoo nne za rangi zilizojaa maganda, ikachukua nne tulizokwisha kuchambua.

Nitasema ukweli hata kama unanichoma: niliipenda kazi ile. Tulitandika mkeka barazani, mama akamimina ndoo ya kwanza, na shaba ikamwagika kwa mlio wa mvua ya mawe juu ya bati. Tuliyapa majina. Tisa, ya milimita tisa, ndiyo iliyokuwa nyingi kuliko zote. Tisa Fupi ilikuwa mdogo wake na mchokozi wake, kwa sababu ukiitazama harakaharaka unadhani ni Tisa. Arobaini ilikaa kati ya Tisa na Nene, na Nene ilikuwa ile ya bastola kubwa. Ndefu ilikuwa na ukingo chini kama kofia. Na Vidudu yalikuwa maganda madogo yasiyojazika tena, ya kutupwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mara nyingine uliikuta Tisa imejipenyeza ndani ya Arobaini, na Arobaini ndani ya Nene, ukawa unazitoa moja moja kama mkunga. Yaliyoshikwa na sumaku tuliyatenga, maana yalikuwa chuma kilichopakwa rangi. Na ufa, huo haukuhitaji hata macho. Unachukua maganda sita kiganjani, unayatikisa karibu na sikio. Yakiwa mazima yanalia kama njuga. Likiwamo lenye ufa, sauti inakufa katikati, kama kijiko kilichogonga sufuria yenye ugali.

Mimi nilikuwa na sikio hilo. Deon aliligundua akaanza kuniita bosi mdogo. "Huyu ana macho ya mwewe, Kas," alimwambia baba, na baba akacheka, akanitazama kwa namna ambayo sikuwa nimetazamwa kabla. Ningechambua maganda ya dunia nzima kwa kutazamwa vile.

Baada ya kuchambua tuliosha. Deon alitaka yarudi yanang'aa. Mama aliyaloweka kwenye beseni la bluu kwa maji ya moto, siki na sabuni ya vyombo, akayakoroga kwa mwiko mkuukuu aliouweka kwa kazi hiyo tu. Mama yangu hakuwa mchafu wala mzembe. Beseni lile hakuliruhusu karibu na mchele. Maji yalitoka ya kijivu, mazito kama ya kuoshea masufuria ya harusi, naye hakutaka kuyapoteza: aliyamwagia matembele yake aliyoyapanda kando ya ukuta. Matembele yalistawi. Tuliyala karibu kila siku, kwa ugali na dagaa, na wageni waliyasifu.

Deon mwenyewe, alipoyashika maganda machafu, alivaa glavu za bluu na barakoa. Nilimuuliza baba kwa nini.

"Wenzetu ngozi zao laini," baba akasema. "Sisi mikono yetu imeshazoea jembe."

Tulicheka. Kumbukeni kwamba tulicheka.

Tunu hakujua kuchambua, lakini alitaka kuwapo. Ili asituharibie mafungu, nilimfundisha kupiga mluzi. Unaweka mdomo wa ganda chini kidogo ya mdomo wako wa chini na kupuliza kwa juu. Ndefu hutoa sauti nzito, Tisa nyembamba, na Vidudu hupiga ukelele wa kutoboa masikio. Alijifunza kwa siku moja. Kutwa alizunguka uani na ganda mdomoni, akilifyonza asipolipuliza, akilala nalo kiganjani. Dereva mmoja wa malori alimpa jina la Refa, kwa sababu alisimama getini akawapigia filimbi ya kuondoka. Mimi ndiye niliyempa ganda la kwanza. Nilimchagulia zuri, lisilo na ufa.

Sikumbuki siku aliyoanza kuumwa, kwa sababu haikuwa siku moja. Alianza kukataa chakula. Alishika tumbo. Akawa analia kwa jambo dogo, yeye ambaye alikuwa mtoto wa kucheka. Mama akampa dawa ya minyoo, kisha mwarobaini, kisha akaanza kuwatazama vibaya majirani. "Kikulacho ki nguoni mwako," alikuwa akisema, akimaanisha watu wenye kijicho, huku akizikung'uta nguo zetu zenye vumbi la maganda.

Jirani yetu Maman Furaha, mama wa Kikongo aliyesuka nywele chumba cha mbele, ndiye aliyesema wazi. Alimshika Tunu kidevu, akamfunua kope la chini.

"Mama Hadija, huyu mutoto iko na damu kidogo sana. Ona, iko mweupe kama karatasi. Umupeleke ku clinic, usingoje."

Hadija ndiye mimi. Na kliniki ilinihitaji mimi kuliko walivyonihitaji kwenye mkeka, kwa sababu mama alijua Kiswahili, Kiha, na Kizulu cha kusalimia na kununulia nyanya. Kiingereza kilikuwa changu. Tangu nilipokuwa na miaka saba nilikuwa mdomo wa nyumba yetu. Nilizungumza na mwenye nyumba, na mwalimu wangu mwenyewe aliponishitaki, na dirisha la ofisi ambako baba alikwenda kuongezewa muda wa karatasi zake za kuishi nchini. Dirisha hilo lilitaka kila mara barua ya mwajiri, na barua iliandikwa na Deon. Alipoiandika alikuwa akimkumbusha baba kwamba mambo ya ndoo ni yao wawili tu. Nasi tukaambiwa hivyo hivyo: ya ndoo hayatoki nje ya geti.

Kliniki tulipokewa na nesi wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Huku manesi huitwa Sista, jambo lililomchekesha mama, maana huyu angeweza kuwa shangazi yake. Alimpima Tunu, akaandika, kisha akaniuliza polepole kwa Kiingereza, "Baba yenu anafanya kazi gani? Nyumbani kuna mtu anayeshika betri, rangi, au vyuma?"

Nikamgeuzia mama swali. Mama hakufikiri hata kidogo.

"Mwambie anauza mboga."

Nilimtazama.

"Hadija. Mboga."

Nikautafsiri uongo ule, na niliutafsiri vizuri mno. Niliutia na nakshi: kabichi, nikasema, na nyanya, na wakati mwingine pilipili hoho. Sista akanisifu Kiingereza changu. Akatupa dawa ya kuongeza damu na nyingine ya minyoo, tukaenda zetu. Njiani mama alinishika mkono kwa upole, akaninunulia embe la achari, nami nikala nikijiona mtu mkubwa.

Ikapita miezi mitatu. Ijumaa kumi na mbili, ndoo nne kila Ijumaa.

Katika Ijumaa mojawapo Deon alishuka kwenye pikapu akamkuta Tunu amekaa ngazini na Tisa mdomoni. Sijawahi kumwona mtu mzima akikimbia vile umbali mdogo vile. Alimnyang'anya ganda akalitupa, akatoa leso mfukoni, akamfuta midomo, ulimi, na vidole kimoja kimoja, kwa nguvu hata Tunu akaanza kulia. "Hapana, hapana, si mdomoni!" Kisha akageuka akatuona tunamtazama, mimi na baba na mama. Akacheka kidogo. Akatoa peremende kwenye gari akampa.

"Mwekeni mbali na vitu hivi, sawa? Sharp, Kas?"

"Sharp, bosi," baba akajibu.

Baada ya hapo alivaa glavu zake, akapakia ndoo nne zilizong'aa, na akashusha nne chafu. Nilidhani anaogopa Tunu asipaliwe. Usiku ule nilimsifu kwa mama: mzungu yule ana huruma, niliona anavyomfuta mtoto. Alijua. Mtu asiyejua hamfuti mtoto ulimi. Alijua kilichokuwa mle, alijua vya kutosha kuogopa kwa muda wa leso moja, kisha akashusha ndoo.

Jumapili moja mchana, Tunu akiwa amesimama getini, alikakamaa. Alianguka chali kama mti, macho yakageuka, miguu ikapiga udongo. Mama alitoa sauti ambayo sitaki kuieleza. Maman Furaha akaja mbio na kitana bado mkononi, akamlaza ubavu, akapiga kelele kwa dereva wa lori lililokuwa linatoka, na ndani ya lori hilo, sisi watatu na mtoto, tukapelekwa kliniki. Baba alikuwa kazini.

Sista alikuwa yule yule. Alitukumbuka. Tunu alikuwa ameshatulia, amelala mdomo wazi, na wakati wenzake wanatafuta gari la kumpeleka hospitali, Sista alipiga magoti hata uso wake ukalingana na wangu.

"Nakuuliza tena," akasema. "Baba anafanya kazi gani?"

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anauliza kazi ya baba."

"Mwambie kama siku ile."

Nilikuwa mtoto mtiifu, jamani. Sikuwahi kumjibu mama yangu. Lakini nilimtazama Tunu, na kiatu chake kimoja kilikuwa kimebaki Clairwood, na sijui kwa nini mguu ule mtupu ndio ulionifungua kinywa. Nikasema kwa Kiingereza, haraka: Baba anafagia kwenye jumba la kupigia bastola. Tunaletewa maganda nyumbani. Mimi nayachambua, mama anayaosha, na huyu anayapuliza.

Sista alinishika mikono, akaigeuza, akavitazama vidole vyangu. Ncha zilikuwa za kijivu, rangi ambayo sabuni ilikuwa imeshindwa kuitoa, na mimi nilikuwa nimeizoea hata siioni.

"Umemwambia nini?" mama akauliza.

"Nimesema mboga."

Walitutoa damu sote wawili, mimi na Tunu; mimi sikuhitaji kulazwa. Hospitali walimlaza Tunu, na siku ya tatu daktari akaja na kijana mwembamba mwenye koti jeupe lililomzidi, mwanafunzi wa udaktari kutoka Kenya. Daktari alikuwa ametaja neno nisilolijua, na nilikuwa nimekwama, mdomo wa nyumba umekosa neno. Ndipo wakamtafuta mtu wa Kiswahili.

"Shikamoo mama," kijana akasema. "Pole sana. Tumepata majibu. Damu ya mtoto iko na risasi."

Mama akasimama wima. "Risasi?" Akamfunua Tunu shuka, akaanza kumpapasa kifua, mgongo, mapaja. "Nani amempiga mwanangu? Iko wapi? Mbona sioni damu? Nani amempiga?"

"Hapana mama, hapana! Si hiyo ya bunduki." Kijana alikuwa ametoka jasho. "Risasi ile madini. Ile nzito. Iko kwa vumbi. Hapo kwa hayo maganda mnaosha, ile fataki ikilipuka inaacha vumbi yake ndani. Mtoto amekula hiyo vumbi. Ni sumu."

"Maganda gani?" mama akauliza, kwa sauti ndogo.

Kijana akanitazama. "Si huyu msichana alisema kwa kliniki?"

Nilisubiri kofi. Mama hakunipiga. Alikaa tena kwenye kiti, akamfunika Tunu vizuri, akazipanga pindo za shuka, na hakunitazama mpaka tulipofika nyumbani. Pale barazani, mbele ya mafungu ambayo hayajaoshwa, alisema, "Umetuuza, Hadija." Mara moja tu. Afadhali angenipiga.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Baba alikwenda kwa Deon, si kumlaumu, Mungu anisamehe, alikwenda kumwomba msaada. Deon alimsikiliza hadi mwisho akasema, "Mimi nilikwambia umweke mtoto mbali." Akasema pia kwamba hajawahi kupeleka ganda lolote nyumbani kwa mtu yeyote, na kwamba kama baba alikuwa anayachukua, hilo lina jina lake, na polisi wanalijua. Jumatatu pikapu ilikuja ikachukua ndoo zote, hata zile tupu. Barua ya mwajiri haikuandikwa tena. Sista alisema ataandika mahali panapohusika. Kama aliandika, hatukusikia kitu, wala hakuna aliyekuja kumuuliza baba swali hata moja.

Baba akaanza kusukuma toroli la maboksi, akiokota karatasi kwenye maghala ya Clairwood, na kila alipokwenda kwenye dirisha la karatasi zake alikwenda mikono mitupu. Kwa wiki nyingi hakusema nami. Hakunigombeza. Alinipita tu, kama mtu anayepita kiti. Mama aling'oa matembele yote, akachoma mkeka, akalivunja beseni kwa jiwe, vipande vidogo vidogo, kwa muda mrefu kuliko beseni linavyohitaji kuvunjwa. Nami nilikubali kwamba nimevunja nyumba. Miaka kumi na zaidi niliamini hivyo. Mtoto aliyefumbua mdomo wake ndiye aliyelaumiwa, na mtu mwenye leso akaendelea kuuza risasi.

Tunu alipona. Hivyo ndivyo tulivyosema: alipona. Alikaa hospitali wiki kadhaa, akarudi amenenepa kidogo, haanguki tena. Tukafunga mlango. Jambo lile halikutajwa nyumbani kwetu. Wageni walipouliza kuhusu hospitali, mama alisema ilikuwa malaria, Durban ambako malaria hakuna.

Kisha akaanza shule, na herufi zikakataa kukaa. Alisoma neno leo, kesho likawa geni. Aliambiwa aende dukani kwa vitu vitatu, akarudi na kimoja, akilia. Walimu walisema mvivu. Baba alisema mzito. Na mimi, niliyekuwa wa kwanza darasani, nilipewa kazi ya kumfundisha kila jioni. Hapa ndipo hasira yangu inaponigeukia, nami siikimbii. Nilimfokea. Nilimpiga vidole kwa rula. Nilimwita mjinga kwa lugha zote tatu nilizozijua, mimi niliyesikia kwa masikio yangu kijana wa Kenya akisema ni sumu. Sikuunganisha. Au niliunganisha na nikaona ni rahisi kumfokea yeye kuliko kujifokea mimi. Nilikuwa mtoto, lakini si wakati wote. Nilikuwa na miaka kumi na saba na bado nampigia kelele.

Niliunganisha nikiwa chuo kikuu, juu hapa Westville, mbele ya kitabu cha afya ya jamii, ukurasa mmoja uliosema kwa lugha kavu kabisa madini yale hufanya nini kwenye ubongo wa mtoto, na kwamba kinachoharibika hakirudi. Ulikuwa na orodha. Niliisoma kama mtu anayesoma ripoti ya shule ya mdogo wangu. Nikafunga kitabu nikatoka nje. Mngedhani nilikwenda moja kwa moja kwa Tunu. Sikwenda. Kwanza nilijiambia bado ni mdogo; miaka ikapita, nikajiambia ameshaolewa, ana furaha, anasuka nywele na wateja wanampenda, kuna faida gani kumfukulia mambo? Tumefundishwa kunyamaza vizuri, kwetu. Tulinyamaza kwa ajili ya barua ya baba, tukanyamaza hata baba alipokwisha kuzikwa na barua haina kazi tena.

Mwaka jana Tunu alikuja kwangu na fomu ya shule ya mwanawe. Kila mara huniletea fomu. Aliitandaza mezani, akanipa kalamu, akaketi mbali kidogo, kama alivyozoea kuketi maneno yanapoandikwa.

"Nijazie, Dada. Halafu uniombee." Akacheka. "Uniombee mtoto asirithi kichwa changu."

Sijui jinsi nilivyoanza. Nilimwambia yote: mkeka, mafungu, mluzi niliomfundisha, mboga niliyoisema kwa Sista mara ya kwanza, leso, kiatu kimoja, kijana wa Kenya. Alikumbuka kidogo sana. Alikumbuka dereva aliyemwita Refa. Hakulia. Alinisikiliza akiwa amekunja kitambaa cha meza kati ya vidole, anakikunja na kukikunjua, na nilipomaliza alikinyoosha mezani.

"Kwa hiyo, Dada," akasema, "mimi sikuwa mjinga?"

"Hukuwa. Hukuwa hata siku moja."

Akatikisa kichwa polepole. Kisha uso wake ukabadilika, na niliona kitu ambacho sijawahi kukiona kwa Tunu, mtu wa kucheka, mtu wa kuomba radhi kabla hajakosea. Nilikijua mara moja kwa kuwa ninakaa nacho.

"Na mlijua?" akauliza. "Wewe, mama, baba. Miaka yote ile mnaniita mzito, mlikuwa mnajua?"

Nilipokuwa na miaka kumi, nikisema ukweli mbele ya Sista, niliamini nimeshausema. Nilidhani ukweli ukishasemwa kwa mtu mkubwa mwenye kalamu, umefika. Sikuelewa kwamba mwenye ukweli ule alikuwa amelala pale kitandani na mguu mtupu, na kwamba yeye ndiye mtu pekee ambaye hatukumwambia. Deon alimtia sumu mwilini. Kuamini kwamba ni mjinga, hilo tulimpa sisi wenyewe, jioni baada ya jioni, kwa rula.

"Tulijua," nikamjibu.

Hakunisamehe siku ile, na sikumwomba. Alisogeza kiti hadi mezani, akanitoa kalamu mkononi, akavuta fomu mbele yake. Aliandika jina la mwanawe, herufi moja baada ya nyingine, akatia kosa, akalikata, akaandika tena. Ilichukua mchana mzima. Mimi nilikaa upande wa pili, mikono nimeikalia, na sikumsaidia.